Kompyuta ya Nyumbani Iliyotupita

Vijana wa hapa Bariadi hupenda kuniambia kwamba tulichelewa katika mambo ya kompyuta kwa sababu ya marufuku ya mwaka 1974. Kwamba marufuku hiyo ilikuwepo, sibishani nao. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965; baadaye kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mtambo mwingine ilikwenda mrama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni ukazuiwa. Lakini jambo moja laweza kuwa na sababu tatu, na mwanafunzi wa historia hapaswi kuridhika na ile ya kwanza.

Tuitazame kompyuta ya bei nafuu ya siku zile. Mwaka 1980 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa ZX80 kwa bei isiyofika pauni 100. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1, yaani herufi elfu moja hivi, ambazo hazijazi ukurasa wa insha. Haikuwa na kioo chake. Mnunuzi aliiunganisha na televisheni ya sebuleni. Picha ya televisheni zile ilichorwa na mwale uliopita juu ya kioo mara 50 kila sekunde, na mwanga ulififia mara tu mwale ulipopita, hivyo ilibidi picha ichorwe upya bila kukoma. Katika ZX80 kazi hiyo ilifanywa na ubongo uleule uliokuwa ukikokotoa. Uliposhughulika na hesabu, picha ilipotea. Ulipobonyeza kitufe, kioo kilipepesa. Ni sawa na mwalimu mmoja mwenye madarasa mawili: akiingia hili, lile linabaki bila mtu.

ZX81 ya mwaka 1981 ilileta njia ya pili. Hesabu zilifanywa katika vipindi vifupi, mwale ulipokuwa kwenye kingo tupu za juu na chini ya picha. Kioo kilitulia, lakini kazi ilikwenda polepole takriban mara nne zaidi.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: mashine hiyo ingechomekwa wapi hapa kwetu? Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara hatukupata kituo hadi mwaka 1994. Bariadi, iliyokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuundwa mwaka 2012, ilikuwa na shule nyingi zisizo na umeme. Kompyuta ile ilidai vitu viwili ambavyo hatukuwa navyo.

Kwa mwalimu kilikuwepo cha tatu, nacho ni karatasi. Printa ya Sinclair ilichoma alama kwa cheche juu ya karatasi iliyopakwa alumini, yenye upana wa sentimita 10 hivi, herufi 32 kwa mstari. Mtihani wa muhula hauandikwi juu ya utepe wa namna hiyo. Printa za sindano, kama Epson MX-80 ya mwaka 1980, ziliandika herufi 80 kwa mstari, lakini kila programu ilipaswa kujua lugha ya printa yake. Alama iliyokoleza maandishi kwenye printa hii ilitoa takataka kwenye ile. Nafuu ilikuja pale Windows, hasa toleo la 3.0 la mwaka 1990, ilipobeba mzigo huo kwa niaba ya programu zote. Hata hivyo printa za sindano zilikuwa na fadhila moja tuliyoipenda sisi wa mashine ya kudurufu: ukiondoa utepe wa wino, sindano ziliweza kutoboa stensili.

Je, marufuku haikutugharimu kitu? Ilitugharimu watu. Mtoto wa Uingereza aliyehangaika na kioo kinachopepesa alilazimika kujua kwa nini kinapepesa, na kwa njia hiyo akajifunza kuandika programu. Kizazi cha namna hiyo sisi hatukukipata wakati ule, na mtu wa namna hiyo haji ndani ya boksi pamoja na mashine.

Nasema haya kwa sababu baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Ni jambo jema. Lakini kamati ya shule inayopokea kifaa na iulize maswali yaleyale: kitachajiwa wapi, mtihani utatokaje humo hadi kwenye karatasi ya mtoto, na nani hapa kijijini atakifungua kikiharibika? Swali la tatu ndilo lililo gumu, na jibu lake huanza kuandaliwa darasani miaka kumi kabla.