Mkaja wa mama: historia ya waliomlea mwanamke wa Pwani

Posa ikishapokelewa Uswahilini, wazee hukaa jamvini kutaja mahari, na hawainuki kabla ya kutaja haki za wazazi wa binti: kilemba cha baba, mkaja wa mama, pengine na ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto. Siku hizi vyote hutiwa kwenye bahasha, na vijana wengi hulipa bila kujua mkaja wenyewe ulikuwa nini. Ni kitambaa. Mama alifungwa nacho tumboni alipomzaa huyo binti, na anayekuja kumchukua anapaswa kukilipia.

Kitambaa hicho kilikuwa sehemu ya uangalizi mrefu ulioanza siku msichana alipovunja ungo. Hapo alikabidhiwa kwa somo, au kungwi, mwanamke mtu mzima asiye mama yake, kwa kuwa mambo hayo mama na binti wanaoneana haya. Somo alimfundisha kujihifadhi akiwa katika hedhi, kuoga, kufua na kuhesabu siku zake. Uzaramoni mwali aliwekwa ndani, pengine kwa miezi. Unyago, yaani mafunzo hayo ya mwali, kwa Unguja nao una mizizi bara, miongoni mwa watu kama Wayao, wengi wao wakiwa wamevushwa bahari utumwani. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bi Kidude, alifariki mwaka 2013 akiwa ameimba Ulaya na kwingineko, lakini nyumbani Zanzibar alikuwa pia mwalimu wa unyago na mjuzi wa mitishamba.

Maandishi kuhusu mila hizi si machache. Sayyida Salme (baadaye Emily Ruete), binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alieleza uzazi na tiba za jumba la kifalme katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida, na Mjerumani Carl Velten akayachapisha mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Wote wawili waliona uzazi ni habari inayostahili kuandikwa kwa kirefu. Nawashukuru kwa hilo, maana wanahistoria wengi waliokuja baadaye walijaza kurasa kwa masultani na majahazi, wakamruka mkunga.

Basi turudi kwa mzazi. Baada ya kujifungua alikaa ndani siku arobaini. Asubuhi mkunga alikuja na maji ya moto yaliyochemshwa na majani, akamkanda tumbo na kiuno, akamsugua kwa mafuta ya nazi, kisha akamlaza chali. Kitambaa kirefu, au kanga iliyokunjwa kwa urefu, kilipitishwa chini ya mgongo, kikazungushwa kuanzia nyongani hadi chini ya mbavu, kikavutwa na kufungwa. Huo ndio mkaja. Uji ulitiwa pilipili manga, tangawizi na mdalasini. Uwatu ulipewa kazi ya kuleta maziwa. Kilimanjaro mzazi alipikiwa mtori, akaletewa na kisusio, supu yenye damu ya mnyama, chakula chenye madini ya chuma kwa mtu aliyetoka kupoteza damu. Na katika siku hizo zote hakuteka maji, hakutwanga, wala hakuguswa na mumewe.

Ukiniuliza dawa iliyokuwa na nguvu zaidi hapo, nitasema ni mapumziko yenye mlinzi. Mlinzi huyo naye kwa kawaida alikuwa mwanamke aliyekwishakoma hedhi. Kwa umri huo mila haikuacha dawa nyingi zinazokumbukwa, ila ilimpa mwanamke cheo: ndiye mkunga, ndiye kungwi, ndiye anayeingia chumbani wengine wakibaki ukumbini.

Ila mikono ya mkunga ilikuwa na mpaka, na mpaka wake ulikuwa kaburi. Damu ikimwagika bila kukoma baada ya kondo kutoka, mkunga hakuwa na cha kuizuia. Wembe usiochemshwa na majivu yaliyopakwa kitovuni vilileta pepopunda kwa vichanga. Dawa za miti za kuharakisha uchungu zinaweza kupasua mji wa mimba. Maji ya kukanda yamewababua wazazi wengi, na mkaja ukikazwa kupita kiasi unasukuma uzito kwenye nyonga iliyolegea. Bibi zetu waliyajua baadhi ya haya, wakayaita kudra.

Serikali nazo zilichukua muda kuamua la kufanya. Muhimbili kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974. Mkutano wa afya ya msingi wa Alma-Ata wa 1978 uliwatambua wakunga wa jadi, wakapewa mafunzo na vifaa. Baada ya mkutano wa uzazi salama wa Nairobi, mwaka 1987, ikazidi kuonekana kwamba mafunzo hayo peke yake hayaokoi mama anayetoka damu, na mkazo ukahamia kwa mtaalamu na kituo cha afya. Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002. Kwa takwimu za kitaifa, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Hesabu hiyo ni uhai wa wanawake, na simwelewi anayewaambia waja wazito warudi kuzalia nyumbani kwa jina la asili.

Kinachoniuma ni kwamba hospitali ilipochukua uzazi, arobaini ilibaki bila mwenyewe. Mama wa chumba kimoja Dar es Salaam anaruhusiwa siku ya pili, na baada ya wiki yuko kwenye ndoo ya nguo. Nafasi ya somo imeshikwa na muuza dawa ya “kusafisha kizazi” kwenye simu, anayeuza jani bila kumjua mgonjwa wala kurudi kesho kumtazama. Kliniki ya wajawazito inauliza uzito, presha na damu. Iulize pia nani atakaa na mzazi arobaini nzima, na jina hilo liandikwe kwenye kadi, mtu huyo aitwe afundishwe dalili za hatari: damu nyingi, homa, kifafa, huzuni isiyoisha.