Swichibodi na sanduku la sauti: namna ofisi ya Mang'ola inavyoweza kuacha kupoteza simu

Simu ya ofisi inaita mara tano, mara sita, kisha inakata. Karani yuko nje anahesabu magunia yanayopandishwa kwenye lori. Aliyepiga ni mnunuzi wa vitunguu, yuko Arusha au Nairobi, na hana muda wa kubembeleza. Namba inayofuata kwenye simu yake ni ya dalali mwingine. Karani akirudi mezani, biashara imeshahamia kwingine.

Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, inategemea sana vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi za Qangded. Inategemea pia wageni wanaokuja kuwatembelea Wahadzabe na Wadatoga. Biashara zote mbili hupangwa kwa simu, tena na watu walio mbali. Ndiyo maana ofisi ya ushirika, kambi ya watalii, shule au kituo cha afya chenye vyumba vinne vitano hufikia mahali pa kufunga swichibodi ndogo, halafu swali linabaki: nani anapokea pale ambapo hakuna mtu?

Jibu la kawaida ni sanduku la sauti, ambalo mafundi wengi huliita voisimeili. Kulinunua si kazi kubwa. Kazi ni kulifanya lielewane na swichibodi.

Vitu viwili visivyojuana

Swichibodi ni mtambo unaogawa laini chache za nje kwa simu nyingi za ndani. Kila simu ya ndani ina ekstensheni yake. Tuseme mapokezi ni 101, mhasibu 102, stoo 103. Sanduku la sauti nalo ni mashine inayopokea simu, inapiga salamu iliyorekodiwa, kisha inamrekodi aliyepiga.

Kwa swichibodi, mashine hiyo ni ekstensheni tu kama nyingine, mfano 150. Simu ya mhasibu isipopokelewa, swichibodi inairusha 150 na kuona imemaliza kazi yake. Haisemi simu ilikuwa ya nani. Mpigaji aliyemtaka mhasibu anasikia salamu ya jumla inayomwambia abonyeze namba ya sanduku. Namba haijui, kwa hiyo anakata.

Ili sanduku sahihi lifunguke, swichibodi lazima itume namba ya ekstensheni iliyopigiwa mara tu mashine inapopokea. Kwenye mitambo ya analojia hutumwa kwa toni za vitufe, ule mlio unaosikika mtu akibonyeza namba katikati ya maongezi. Kwenye mitambo inayotumia intaneti namba huenda kama data, na mpigaji hasikii kitu. Njia ya kurudi nayo inahitajika: mashine ikishapokea ujumbe iiambie swichibodi iwashe taa kwenye simu ya mhasibu. Bila taa hiyo ujumbe unaweza kulala siku tatu na hakuna anayejua.

Fundi akimaliza kazi na taa haiwaki, kazi haijaisha.

Ofisi inayotaka kukwepa mvutano huu inunue mtambo wenye sanduku ndani yake. Panasonic KX-TES824, kwa mfano, huanza na laini 3 za nje na ekstensheni 8, na inaweza kupanuliwa hadi laini 8 na ekstensheni 24. Ina kadi yake ya kurekodi, KX-TE82492, inayochomekwa ndani na kuhudumia wapigaji wawili kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba Panasonic ilitangaza mwaka 2022 kuachana na biashara ya swichibodi, hivyo kadi zinazouzwa sasa ni za akiba au zilizotumika. Ijaribiwe dukani kabla ya hela kutoka.

Njia nyingine ni Asterisk, programu ya bure iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Inakaa kwenye kompyuta ndogo, na sanduku la sauti liko ndani yake. Kwa mhasibu wa mfano wetu, mistari miwili kwenye faili la extensions.conf inatosha kuanzia:

exten => 102,1,Dial(PJSIP/102,20)
same => n,VoiceMail(102@default,u)

Maana yake: piga 102 kwa sekunde 20, ikishindikana mpeleke mpigaji kwenye sanduku la 102. Herufi u inaleta salamu ya kwamba mwenye simu hayupo. Ikiwekwa b, inakuja salamu ya kwamba anaongea na simu nyingine. Kwenye faili la voicemail.conf sanduku lenyewe huandikwa kwa namba yake, namba ya siri na jina la mwenyewe. Ukitumika mfumo wa FreePBX, ambao huendesha Asterisk kwa kurasa za kubofya, mhasibu anabonyeza *97 kwenye simu yake na kusikiliza.

Ugomvi wa sekunde

Ofisi nyingi za vijijini hazina laini ya waya. Laini ya nje ni SIM kadi iliyowekwa kwenye kisanduku kidogo chenye antena, na swichibodi inakiona kisanduku hicho kama waya wa kawaida. SIM hiyo isajiliwe kwa alama za vidole kwa jina la ofisi, na kisanduku kiwe cha aina iliyoidhinishwa na TCRA. Visanduku vya SIM vinavyotumika kupitisha simu za nje ya nchi kwa njia ya panya ni kosa, na ofisi halali haitaki kuchanganywa na wenye mchezo huo.

Sasa kuna saa mbili zinazohesabu kwa pamoja. Swichibodi inahesabu sekunde kabla ya kurusha simu kwenye sanduku. Mtandao wa simu nao unahesabu sekunde kabla ya kuidaivati simu isiyopokelewa, kama SIM hiyo iliwahi kuwekewa daivati. Ya mtandao ikiisha kwanza, simu inaondoka Mang'ola kabla sanduku la ofisi halijagusa kitu. Mwenye ofisi analaumu swichibodi, kumbe SIM ilikuwa na daivati ya zamani, tangu ilipokuwa kwenye simu ya mtu.

Dawa ni kuitoa SIM, kuiweka kwenye simu ya mkononi na kupiga *#61# kuona daivati iliyopo. Kupiga ##002# hufuta daivati zote. Namba hizi ni za mfumo wa GSM wa dunia nzima. Baada ya hapo swichibodi iwekewe sekunde 15 hadi 20. Chini ya 15 karani hawahi kufika mezani, na zaidi ya 25 mnunuzi ameshachoka.

Lakini kuna daivati moja inayofaa kubaki, na wengi huisahau. Sanduku la sauti liko ndani ya ofisi. Mnara ukizima, au kisanduku kikikosa umeme, simu haifiki Mang'ola kabisa na sanduku haliwezi kupokea kisichofika. Mpigaji anaambiwa mteja hapatikani. Kwa hali hiyo tu, SIM iwekewe **62* ikifuatwa na namba ya mtu wa ofisi aliye Karatu mjini au Arusha, kisha alama ya #. Gharama ya kipande hicho cha pili cha safari ya simu huangukia salio la ofisi, kwa hiyo SIM isikae tupu.

Ujumbe wa tuu-tuu-tuu

Ofisi ikifungua sanduku asubuhi na kukuta jumbe kumi, tisa kati yake zikiwa ni mlio wa tuu-tuu-tuu wa dakika kadhaa, tatizo linajulikana. Mtambo haukujua kwamba mpigaji amekata. Uliendelea kurekodi mlio wa laini iliyokatwa hadi muda ukaisha, na muda wote huo laini ya nje ilikuwa imeshikiliwa. Aliyepiga nyuma yake alikuta simu inatumika. Kwa ofisi yenye laini moja, hili ni baya kuliko kutokuwa na sanduku.

Kwenye kisanduku cha SIM kuna mpangilio wa kuiambia swichibodi kwamba mpigaji ameondoka, ama kwa kukata umeme wa laini kwa muda mfupi sana, ama kwa kugeuza chanya na hasi. Mara nyingi mpangilio huo huja umezimwa. Uwashwe, na upande wa swichibodi uwashwe pia, maana ukiwashwa upande mmoja haufanyi lolote. Kwenye Asterisk yenye kadi ya laini za analojia, mistari ya kuangalia katika chan_dahdi.conf ni hanguponpolarityswitch=yes kwa kisanduku kinachogeuza chanya na hasi, na busydetect=yes kwa kinachotoa mlio tu.

Juu ya hayo iwekwe mipaka. Ujumbe usizidi dakika mbili (maxsecs=120), na kimya kikizidi sekunde tano kurekodi kukome (maxsilence=5). Kuna mtego mdogo hapa: minsecs, yaani urefu wa chini wa ujumbe unaohifadhiwa, lazima uwe mkubwa kuliko maxsilence, mfano 6. Vinginevyo kila aliyepiga na kunyamaza anaacha ujumbe mtupu. Hasara yake ni kwamba anayesema "nipigie" na kukata papo hapo hatahifadhiwa.

Salamu ambayo mtu ataisikiliza

Watanzania wengi hawana mazoea ya kuacha ujumbe kwenye mashine. Wanabipu, au wanakata. Hii si ajabu, kwa kuwa sanduku likishapokea, salio la mpigaji linaanza kuliwa hata kama hakuna mtu aliyesema naye. Watu haohao hutuma sauti za dakika tatu WhatsApp bila kusita. Kwa hiyo si kwamba hawapendi kuongea na mashine. Hawapendi kulipia salamu ndefu ya Kiingereza iliyokuja na mtambo kutoka kiwandani.

Salamu irekodiwe upya kwa Kiswahili, na isizidi sekunde kumi. Itaje ofisi, iseme mpigaji aache nini, na lini atapigiwa. Ofisi ya mazao inaweza kusema: "Hapa ni ofisi ya mauzo ya vitunguu, Mang'ola. Taja jina, namba yako na idadi ya magunia. Tutakupigia kabla ya saa kumi na moja jioni." Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayomfanya mtu aongee, na ikivunjwa mara mbili harudi tena. Kambi ya watalii iongeze Kiingereza baada ya Kiswahili, si kabla, kama wageni wake wengi hupigiwa simu na mawakala wa Arusha.

Suala la saa nalo huleta vurugu. Mtambo unapotaja muda ujumbe ulipoingia hutumia saa za Kizungu, hivyo karani anayesikia "tatu" anaweza kuandika saa tatu asubuhi wakati mnunuzi alipiga saa tisa alasiri. Kompyuta ya Asterisk iwekwe kwenye Africa/Dar_es_Salaam, na kwenye daftari la simu muda uandikwe kwa utaratibu mmoja ambao wote wamekubaliana.

Mlango wa nyuma

Sehemu hii hupuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoweza kuumiza ofisi kwa mamilioni. Mitambo mingi hutoka kiwandani na namba ya siri kama 1234 au 0000. Wezi wa simu huzijua. Hupiga usiku, huingia kwenye sanduku, na kama swichibodi inaliruhusu sanduku kupiga nje, hulitumia kupiga namba za nchi za mbali zenye gharama kubwa hadi asubuhi. Kwa SIM ya kulipia kabla hasara inaishia kwenye salio. Kwa laini inayolipiwa mwisho wa mwezi, inakuja kwenye bili.

Namba ya siri ya kila sanduku ibadilishwe siku ya kwanza, isifanane na ekstensheni, na ekstensheni ya sanduku izuiwe kabisa kupiga nje. Simu za kimataifa zifunguliwe kwa mtu mmoja au wawili tu. Kwa kambi inayopigia Nairobi kila siku hilo ni usumbufu, lakini ni mdogo.

Sauti zilizorekodiwa ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazigusa pia ofisi ndogo. Kituo cha afya ndicho cha kuwa makini zaidi, kwa sababu mgonjwa anaweza kutaja ugonjwa wake kwenye sanduku ambalo kila anayepita mapokezi analisikiliza kwa spika. Sanduku la daktari liwe na namba yake ya siri, na jumbe zilizoshughulikiwa zifutwe.

Kabla fundi hajaondoka

Fundi akishapanda bodaboda kurudi Karatu, kumrudisha ni nauli na siku nzima. Majaribio yafanyike akiwa bado yupo. Mtu apige kutoka nje na asipokelewe, aache ujumbe, na taa iwake kwenye simu sahihi. Apige tena akate katikati ya salamu, kisha ihakikishwe kwamba laini ya nje imeachiwa ndani ya sekunde chache. Apige mapokezi yakiwa yanaongea. Mwisho umeme uzimwe kabisa kwenye soketi, urudishwe baada ya dakika tano, na ujumbe wa kwanza usikilizwe tena: uwepo, na saa yake iwe sahihi. Saa ikirudi mwaka 2000 au salamu ikipotea, betri ya ndani ya mtambo imekufa, na hiyo inabadilishwa siku hiyohiyo.