Kasri la Tervuren na Historia ya Katanga

Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za wakazi. Mtu wa huko akizuru kasri la Tervuren, karibu na Brussels, hukuta mali nyingine ya nchi yake ikiwa juu ya ardhi, imepangwa na kupewa majina na wengine. Kasri hilo lilisanifiwa na Mfaransa Charles Girault kwa agizo la Mfalme Leopold wa Pili, likajengwa kwa mapato ya Kongo na kufunguliwa mwaka 1910 likiwa makumbusho. Bustani zake zimefuata mtindo wa Kifaransa, na herufi mbili za L, alama ya mfalme, zimerudiwa mara 45 katika jengo.

Uzuri huo una historia ya vifo. Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kwa ajili ya maonyesho, wakawekwa bustanini katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Saba kati yao walifariki. Makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren.

Sanaa iliyomo kasrini nayo ina historia kama hiyo. Mathalani, ipo sanamu ya Lusinga, mtemi wa Watabwa. Desemba 1884 kijiji chake, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kilishambuliwa kwa amri ya ofisa Mbelgiji, Émile Storms. Lusinga aliuawa, sanamu na fuvu lake vikapelekwa Ubelgiji. Kwa Watabwa, sanamu ya namna hiyo iliufungamanisha utawala wa mtemi na wahenga wake. Ndani ya kabati la kioo iligeuka kazi ya sanaa tu, na kisa cha mauaji kikafichika nyuma ya uzuri wake.

Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyomo katika makumbusho hayo. Hata hivyo, orodha hutaja kitu. Aghalabu haielezi kilivyomtoka mwenyewe. Pengo hilo haliwezi kuzibwa bila masimulizi ya wenyeji. Kiswahili cha Katanga kimekwisha kuifanya kazi ya namna hiyo: mwaka 1965 André Yav aliandika kwa lugha hiyo historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Historia ya kasri la Tervuren nayo yafaa iandikwe vivyo hivyo, kuanzia Katanga.