Meza za pool: tofauti ya futi 7 na futi 9
Meza ya pool ya Kimarekani inayotumika katika mashindano ya kimataifa ni ya futi 9. Uwanja wake wa kuchezea una sentimita 254 kwa 127. Kitambaa chake ni laini, hivyo mpira husafiri mbali hata kwa pigo dogo.

Meza ya Kiingereza, iliyoenea katika baa za Afrika Mashariki, ni ya futi 7. Mipira yake ina kipenyo cha milimita 51 badala ya 57, na midomo ya mashimo ni ya mviringo.

Kosa dogo la kulenga hukua kadiri mpira unavyosafiri. Kwa hiyo bingwa wa meza ndogo aweza kushindwa ugenini, asipofanya mazoezi mapema kwenye meza kubwa.