Kope zilizogeukia ndani: tiba ya miaka 3,500

Kope zikigeukia ndani, kila kupepesa ni kukwangua kioo cha jicho. Wamisri wa kale walilijua balaa hili. Mafunjo ya Ebers, ya takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanaelekeza mgonjwa ang'olewe kope, kisha apakwe dawa yenye damu ya popo ili zisiote tena.

Ziliota.

Mrumi Celsus, katika karne ya kwanza, alikuwa na njia mbili: kuchoma mashina ya kope kwa sindano ya chuma iliyopashwa moto, au kukata ngozi ya kikope na kuishona ili ukingo uvutwe nje. Hiyo ya pili iliishi kuliko dola yenyewe.

Vikope vya wazee havipindwi na jambo moja. Cha chini hulegea kwa umri tu, kikajikunja. Mwaka 1971 Quickert na Rathbun walieleza namna ya kukirudisha kwa nyuzi chache. Cha juu mara nyingi huharibiwa na trakoma, maambukizi ya utotoni yanayorudi tena na tena na kuacha kovu ndani ya kikope. Kovu hilo hukaza polepole, na ukubwani kope huanza kuchoma. Hapo nyuzi hazitoshi.

Kwa hao wa trakoma, mambo yalinyooshwa Oman. Reacher na wenzake walizilinganisha mbinu za upasuaji kwa wagonjwa wa huko, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 na 1992 yaliipa ushindi mbinu ya kukata kikope unene wote, juu kidogo ya mstari wa kope, kisha kuugeuza ukingo nje na kuushona. Shirika la Afya Duniani liliitolea mwongozo mwaka 1993. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kwamba trakoma si tatizo tena la afya ya jamii.

Nani ashike kisu? Madaktari bingwa hawafiki kila kijiji. Utafiti wa Ethiopia wa mwaka 2004 uliwapima dhidi ya wahudumu wa macho wasio madaktari, na tofauti ya maana haikuonekana. Kwa maoni ya mwandishi, huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko mshono wowote.

Mzee anayezing'oa kope kwa kibano apelekwe kliniki ya macho mapema: upasuaji hunyoosha kikope, lakini kovu lililokwisha kuingia kwenye kioo cha jicho hauliondoi.