Kimarapamba: Jina na Kioo Chake

Miongoni mwa shanga alizoziorodhesha Richard Burton katika kitabu chake cha 1860, juu ya safari ya kutoka pwani hadi Tanganyika, zilizothaminiwa mno zilikuwa samesame: nyekundu nje, nyeupe ndani. Jina lake la pili, kimarapamba, alilifasiri kuwa ni "kimaliza chakula", kwani mtu aliridhia kukitoa chakula chake ili azipate. Anayeijua pamba ya kufumia tu atakwama hapa. Hii ni pamba ya masurufu.

Kamusi isemapo "aina ya ushanga mwekundu" humsahau fundi wa Venice. Vioo viwili huungana vikiwa moto, kisha hunywea vikipoa; kimoja kikinywea kupita mwenziwe, ushanga hupasuka, pengine baada ya siku kadhaa. Wanaotengeneza shanga kwenye mwali leo huangalia namba ya kutanuka kwa joto: kioo laini cha Murano ni 104, kioo kigumu cha maabara ni takriban 33, na havioani asilani. Mafundi wa kale hawakuwa na namba hizo. Walijaribu michanganyiko ya mchanga, magadi na madini ya rangi hadi nyekundu ikakubaliana na nyeupe. Nyeupe hiyo ndiyo iing'arishayo nyekundu, na huonekana tunduni.