Ginsi ya kupendekeza atelie kwenye mkutano wa Montessori: mambo mwalimu wa Kongo anapashwa kujua

Walimu wanaofuata njia ya Montessori wana desturi ya kukutana, kila inchi kwa wakati wake, na mara moja moja dunia nzima. Huko wanasikiliza hotuba, lakini fasi walimu wengi wanapenda zaidi ni kwenye atelie. Hicho ni chumba kidogo ambamo mwalimu mmoja anaonyesha kazi anayoifanya na watoto wake, na wenzake wanaijaribu kwa mikono yao. Mwalimu wa matenele wa Bukavu, Uvira ao Bunia anaweza kuongoza atelie ya namna hiyo. Mlango wa kuingilia ni karatasi moja ao mbili zenye kuitwa pendekezo, na wengi wanakwama hapo.

Njia hii ilitoka wapi?

Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870, akasoma udaktari. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, kartiye ya maskini mjini Roma. Aliona kwamba mtoto mdogo akipewa kazi ya kweli na vifaa vinavyolingana na mikono yake, anaweza kushika kazi ile kwa muda mrefu bila kulazimishwa. Toka hapo zilikuja alama zinazojulikana mpaka leo: watoto wa miaka 3 mpaka 6 wanakaa darasa moja, kila mmoja anachagua kazi yake, na mwalimu anaangalia kwanza mbele ya kusaidia.

Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa Montessori ulifanyika Helsingør, Denmark, mwaka 1929. Mwaka huohuo ilizaliwa Association Montessori Internationale, yenye makao yake Amsterdam. Mwaka 1937, mkutano ulipofanyika Copenhagen, vita ikikaribia Ulaya, neno kubwa lilikuwa elimu na amani. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha watoto waliokimbia vita haleti jambo geni kwenye mikutano hii.

Karibu na sisi kuna mfano wa Nakuru, Kenya. Nyuma ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, kazi ya Montessori yenye kuitwa Corner of Hope ilianzishwa katika kambi ya waliohamishwa, na watu wa kambi ile wenyewe wakafundishwa kuwa walimu.

Kwanza, ni nani anayeita?

Jina Montessori halina mwenyewe mmoja. Shule yoyote inaweza kuliandika kwenye mlango wake, na kikundi chochote kinaweza kuita mkutano kwa jina hilo. Mbele ya kuandika, mwalimu anapashwa kuuliza: ni shirika gani linaita? Lilikwisha fanya mikutano mingine? Kuna watu waliokwenda, wenye wanaweza kushuhudia?

Kuna matapeli wanaotuma barua nzuri sana kwa walimu, wakisema pendekezo limekubaliwa hata kama halikutumwa, kisha wanaomba feza ya "kuandikisha jina" haraka. Barua ya namna hiyo ni ya kuweka pembeni. Waandaaji wa kweli wanatoa mwito miezi mingi mbele ya mkutano, wanaweka tarehe ya mwisho, na wanaeleza wazi namna watakavyochagua.

Pendekezo lina nini ndani?

Kila mkutano una fomu yake, lakini maswali karibu yanafanana. Wanataka kichwa cha atelie, maelezo mafupi, nani anayelengwa, washiriki watafanya nini, watarudi na nini nyumbani, vifaa gani vinahitajika, na historia fupi ya mwenye kuongoza. Mara nyingi wanaweka hesabu ya maneno. Wakiomba maneno 200, mtu asitume 600. Wasomaji wana mapendekezo mengi mezani, na yenye kupita kipimo linaweza kuwekwa kando bila kusomwa.

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na maisha ya Maria Montessori. Watu wa mkutano ule wanayajua. Kosa la pili ni kuchagua kichwa kipana kama "Elimu ya mtoto Kongo". Hakuna mtu anaweza kuimaliza habari hiyo kwa dakika 90. La tatu ni kuandika pendekezo sawa barua ya kuomba msaada: shule haina mabati, watoto hawana viatu, wazazi wanakosa feza. Mambo hayo ni ya kweli, tena yanaumiza, lakini atelie ni fasi ya kutoa. Mwenye kuchagua anajiuliza swali moja: mwalimu wa inchi nyingine akitoka chumbani humo, atajua kufanya nini alichokuwa hajui?

Historia ya mwalimu iwe ya kweli pia. Kama alifundishwa miezi mitatu, aandike miezi mitatu. Miaka aliyokaa darasani na watoto ina uzito wake, haihitaji diploma ya kubuni.

Mfano: herufi za kugusa katika lugha mbili

Tuchukue kazi moja ambayo mwalimu wa Kivu anaweza kuileta vizuri kuliko mwalimu wa Ulaya. Katika darasa la Montessori, mtoto anajifunza herufi kwa kupitisha vidole juu ya msasa, ile karatasi ya kukwaruza ya maseremala, iliyokatwa kwa umbo la herufi na kubandikwa kwenye kibao. Anagusa huku akisikia sauti yake. Msasa ukikosekana, gundi na mchanga uliochekechwa juu ya karatasi ngumu vinafanya kazi ileile.

Shida inaanza pale mtoto anasema Kiswahili nyumbani na shule inamtaka Kifaransa. Herufi "u" katika "ugali" ina sauti moja. Kifaransa kinaipa "u" sauti nyingine, na ile ya ugali kinaiandika "ou". "Ch" ya "chai" si "ch" ya "chat", maana Kifaransa kinaisoma kama "sh" yetu. "J" ya "jina" si ile ya "jour". Mtoto wa miaka minne anagusa herufi moja na anaambiwa sauti mbili. Mwalimu afanye nini? Aanze na lugha gani? Atenge vibao vya rangi mbili?

Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, na swali hili liko katika madarasa mengi. Liko pia kwa walimu wa inchi nyingine zenye mtoto anayeacha lugha ya mama yake mlangoni pa shule. Hapo ndipo pendekezo linapata wasomaji wake.

Dakika 90 zinaweza kugawanywa hivi. Dakika 10, washiriki wanafunga macho na kugusa herufi. Dakika 25, mwalimu anaonyesha somo la hatua tatu: "hii ni m", kisha "nionyeshe m", mwishowe "hii ni nini?" Hatua ya tatu haifikiwi kama ya pili haijakaa vizuri. Dakika 30, kila mshiriki anatengeneza herufi moja kwa karatasi ngumu, gundi na mchanga. Dakika 15, vikundi vinapanga maneno kama mbuzi, nyanya na ng'ombe, na kuamua sauti gani inahitaji kibao chake yenyewe. Dakika 10 za mwisho ni za maswali.

Mpango wa namna hiyo ukiandikwa kwa mistari michache, msomaji anaona atelie mbele ya macho yake. Vifaa pia ni rahisi: karatasi ngumu, gundi, mchanga, meza. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Picha na habari za watoto

Mwalimu mwenye watoto waliohamishwa atavutwa kuonyesha picha zao. Aulize wazazi kwanza, na awaeleze picha itaonekana wapi. Jina la mtoto, kijiji alichotoka na mambo aliyoyaona vitani havina fasi kwenye skrini ya mkutano. Picha ya mikono ya mtoto juu ya kibao inatosha kueleza kazi.

Lugha, feza na safari

Mikutano mikubwa mara nyingi inatumia Kiingereza. Mwalimu anaweza kuuliza mapema kama pendekezo la Kifaransa linapokelewa, na kama kuna mtafsiri. Akitafsiriwa na rafiki, amsomee tena kwa sauti, asikie kama bado ni kazi yake.

Kukubaliwa si tikiti ya ndege. Kwenye mikutano mingi, hata mwenye kuongoza atelie analipa kuandikishwa, safari na malazi, ao anapata punguzo tu. Swali hilo liulizwe mbele ya kutuma, pamoja na kama kuna msaada kwa walimu wa inchi zenye mapato madogo. Barua ya mwaliko nayo si viza. Kwa mwalimu wa Kivu mwenye kwenda Ulaya, maombi yanaweza kumlazimisha kufika kwanza Kinshasa, na hiyo peke yake ni safari ya ndege. Kuna watu waliokopa na kuuza vitu vya nyumbani, viza ikakataliwa. Familia ijue hatari hiyo mbele ya feza kutoka. Mkutano wa karibu zaidi, ao atelie ya kwa njia ya intaneti, inaweza kuwa mwanzo mzuri.

Wakijibu hapana

Mapendekezo mengi yanakataliwa, hata ya walimu wazoefu. Mtu anaweza kuomba kwa heshima aambiwe sababu, kisha arekebishe na kutuma tena fasi nyingine.

Wakati wa kungojea jibu, atelie yenyewe inaweza kufanywa siku ya posho pamoja na walimu wa matenele za jirani. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi za serikali. Kwa mtoto wa matenele, wazazi wengi bado wanalipa, na walimu wake ni wachache kupata mafunzo. Mwalimu mwenye kuijaribu pale kwanza atajua kama dakika 30 zinatosha kukausha gundi. Tena walimu kumi watakuwa wamerudi darasani na herufi mkononi, hata kama ndege haikuruka.